Aliyefunga Bledi

Rexdale, Toronto
15 Novemba 1998

Ndugu Tomasi, mtani wangu,

Mimi Gelasius, mzaliwa wa Kilolo, nina miaka sabini na moja na sijaanza kuchoka. Mfalme wa Waingereza aliyekuwa kwenye shilingi amekufa, mimi nipo. Ndui imekwisha duniani, mimi nipo. Nzige wa mwaka ule waliokula mpaka mikeka wamekwenda zao. Mabwana barabara watatu waliotufokea pale Ujenzi wote wako chini ya udongo, greda mbili tulizokuwa nazo zimekatwa zikawa vyuma chakavu, na mke wangu Abigael nimemzika kwa mikono hii, Mungu amlaze pema. Hata lifti ya jengo hili imekufa, mimi napanda ghorofa ya saba kwa miguu na Wakanada vijana wananipisha wakihema.

Barua hii naandika mwenyewe kwa penseli, herufi zile zile za darasa la ngumbaru. Sijamwomba mtu.

Clementina binti yangu ananilisha vizuri. Kazi yake ni kutunza wazee wa Kizungu kwenye nyumba yao. Akirudi ananitunza mimi, na nikikohoa tu ananishika kifua kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Sasa sikiliza jambo. Hapa tuna kusanyiko la watu wanaosali Kiswahili. Warundi, Wakongo, sisi wa Tanzania tuko wachache. Mchungaji ni Mrundi, anaitwa Déogratias. Mimi Mkatoliki, lakini nasali nao, maana misa ya Kiingereza naisikia kama redio isiyoshika stesheni. Tunasali jioni kwenye chumba cha kufulia nguo chini ya jengo. Mashine zinazunguka, mchungaji anahubiri, mtu anapita katikati na kapu la soksi. Ndiyo kanisa letu hilo.

Upande wa barabara ya Islington kuna kanisa la wazee wa Kizungu. Wamebaki wachache, unawahesabu kwa jicho moja. Mzee aliyekuwa anawasafishia uwanja wakati wa theluji amefariki, na bibi anayeshika ufunguo wa kanisa amemwambia mchungaji hivi: watu wako wakiweza kuuweka uwanja wazi kipindi chote cha baridi, kila Jumapili magari yaingie na wazee wapite bila kuteleza, basi kanisa ni lenu asubuhi, na ufunguo ni wenu. Mkishindwa, mrudi kwenye soksi.

Wengi wanafanya zamu za usiku viwandani, nani aamke kupiga koleo? Mimi nikasimama. Nikasema, nimeendesha greda miaka thelathini, Makambako mpaka Songea, enzi ya vumbi, kabla lami haijafika. Nipeni chombo tu. Tomasi, walipiga makofi mpaka mashine za kufulia hazikusikika.

Chombo chenyewe ameacha yule marehemu. Ni pikipiki ya matairi manne, manene, unaikalia kama punda. Bledi yake, lile bamba la chuma la kusukumia theluji, ipo pia, imefunguliwa vipande vipande kwenye sanduku na hakuna anayejua kuifunga. Inakaa mbele, siyo tumboni kama ya greda. Inashikwa na fremu ya mabomba mawili yanayopita chini ya tumbo, kwa pini. Kuna mkono wa chuma wa kuinyanyulia. Hayo yote nimeyajua siku ya kwanza. Kinachonisumbua, nyuma ya bledi kuna springi mbili nene. Ukiisukuma bledi kwa mguu inainama mbele, halafu inarudi. Inaitikia kila inachoambiwa. Ya greda yetu haikuwa na tabia hiyo.

Siyo kwamba sijui. Nataka unikumbushe tu, wewe ungezifanyaje hizi springi.

Jibu haraka. Theluji bado, lakini kila mtu hapa akitoka nje anaangalia juu.

Ni mimi,
Gelasius, dereva


Njombe
6 Desemba 1998

Gelasius,

Dereva! Nimeona jina lako mwisho wa barua nikamwita mke wangu aje asome yeye, nikidhani macho yangu yameharibika. Dereva wa nini, bwana? Greda uliendesha mara moja, siku niliyoshikwa na malaria pale kijiji cha Wino, ukaipeleka mtaroni na ng'ombe za watu zikakimbia mpaka jioni zinatafutwa. Hiyo miaka thelathini ni kweli, ila ulikuwa utingo wangu. Mimi juu, wewe chini na kopo la girisi. Nayasema haya kwa haki yangu ya utani. Mngoni akimwachia Mhehe adanganye watu wa nchi nyingine, mizimu yetu itatuuliza tulikuwa wapi.

Lakini kwa kuwa umeshasimama mbele ya watu, siwezi kukuacha uaibike. Sikiliza mwenye kiti.

Bledi inayoinama siyo bledi. Ikikutana na kitu kigumu inatakiwa ibishane nacho, siyo kukisujudia. Hizo springi ni mbwembwe za Wazungu. Zipitishie mnyororo, kaza, mpaka bledi isimame kama askari wa gwaride. Na chochote kilichofungwa chini yake kikaizuia isile ardhi, toa. Mimi theluji nimeiona kwenye lebo ya bia tu, lakini udongo nimekata wa kila rangi, na sidhani kama huo mweupe una ukaidi kuuzidi mwekundu wa Wino.

Huku mvua imeanza, mahindi yameota. Goti langu linanitangulia kujua hali ya hewa. Kijana wangu Festus ananiambia nisipande tena kwenye paa, nami napanda akienda kazini.

Umesema Abigael ulimzika kwa mikono yako. Mimi pia nilikuwepo, nilishika upande wa miguu. Usijisahaulishe.

Tomasi, dereva wa kweli


Rexdale
29 Desemba 1998

Tomasi,

Barua yako imefika jana. Mambo ya utingo tuyaache, hayo ni ya zamani na karatasi zake zimeliwa na mchwa. Ng'ombe wa Wino walikuwa wawili na walirudi wenyewe.

Kazi nimefanya kama ulivyosema, na kuzidi. Mnyororo nimeupitisha mara mbili, nikakaza kwa bolti nene. Springi sasa hazipumui. Chini ya bledi kulikuwa na vyuma viwili vya mviringo kama visahani, kila upande kimoja, wanaviita viatu. Vinaibeba bledi isiguse chini. Nimevivua. Tangu lini jembe likavaa viatu?

Hapa kuna mtu mmoja jina lake Anverali. Huyu unaweza kumkumbuka, alikuwa na gereji Iringa mjini, nyuma ya soko, akaondoka mwaka wa sabini na mbili. Sasa anatengeneza mashine za kukatia nyasi na hizi pikipiki. Kiswahili chake bado ni cha Iringa kabisa, na matusi yake pia. Amekuja na mkewe Nargis, amebeba chupa ya chai, akachungulia, akaweka chupa chini.

"Weye Gelasi, umefunga nini hapo?"

"Nimefunga bledi."

"Umefunga springi! Hiyo lazima icheze."

"Kucheza ni kwa ngoma."

"Na ukigonga kitu?"

"Hicho kitu ndicho kitakachojua kimegongwa."

"Mzee, hapa si Makambako. Chini ya theluji huoni. Kuna kingo za saruji, kuna mifuniko ya mabomba."

Nikamwambia nimepata maagizo kutoka kwa mtu aliyechonga barabara nzima ya kusini. Akamwambia mkewe, "Nargis, chukua chai. Huyu tutamletea hospitali." Akaniachia spana namba kumi na saba, akaondoka bila kuaga. Mwenyewe alipofika mlangoni nikamsikia anacheka.

Halafu kuna mama wa Kirundi, Généreuse, anaendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Ananiambia, "Muzee, niache nijaribu mara moja tu, mkono wa kunyanyua ninaujua." Nikamjibu, hii siyo mchezo wa maboksi, mama. Kiti kina mwenyewe.

Theluji imechelewa mwaka huu. Pikipiki nimeipa mafuta, matairi ya nyuma nimeyavisha minyororo. Kila asubuhi nashuka naiwasha, nasikiliza, nazima. Ije tu.

Gelasius, dereva (andika unavyotaka huko kwako)


Toronto
5 Januari 1999

Baba Tomasi, shikamoo.

Mimi ni Clementina, binti wa Gelasius. Baba hajui kwamba nakuandikia. Ameniagiza nikuandikie barua nyingine, nikwambie kazi imekwenda vizuri, uwanja umefunguka na Warundi wamembeba juu juu. Ni kweli walimbeba. Walimpeleka kwenye gari.

Jumamosi theluji ilianza na haikukoma. Jumapili alfajiri nilisikia mlango, nikajua ni yeye, nikavaa nikamfuata. Alikwenda vizuri mwanzoni, alikuwa anaimba. Halafu bledi ikagonga ukingo wa saruji uliokuwa umefunikwa. Bledi haikuinama. Pikipiki ilisimama pale pale. Baba hakusimama. Alipita juu ya usukani akaangukia kwenye theluji, na bahati ilikuwa nene. Amevunjika mtulinga wa kulia, mfupa ule wa begani. Hospitali wamemfunga mkono kifuani, na wauguzi wote sasa wanajua habari za Makambako mpaka Songea.

Uwanja tuliufungua kwa makoleo, trei za oveni na mifuniko ya masufuria. Wazee wenye kanisa walisubiri ndani ya magari mpaka saa sita. Bibi wa ufunguo hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwambia mchungaji tujaribu tena. Jumapili ya tarehe 17 uwanja ukiwa haujafunguka saa tatu asubuhi, atatafuta watu wengine.

Pikipiki imepinda pini moja tu, Anverali ameshainyoosha. Tatizo ni baba. Haruhusu mtu afungue mnyororo ule wa springi. Ukimwambia, anajibu, "Tomasi kasema." Haruhusu mtu mwingine aketi kwenye kile kiti. Ufunguo wa pikipiki analala nao ndani ya kofia. Najua siku ikifika atapanda kwa mkono mmoja.

Ningeweza kumnyang'anya. Lakini tangu tumempoteza mama alikuwa anakaa dirishani na ndara, mchana kutwa, nikirudi kazini namkuta pale pale nilipomwacha. Tangu alipopewa hii bledi anavaa viatu asubuhi. Sitaki kumnyang'anya, baba. Nataka asife.

Hanisikii mimi, hamsikii mchungaji. Anakusikia wewe, ijapokuwa anakutukana. Barua hii ameibeba Khalfan, mwanafunzi wa hapa anayerudi Dar kula Idi, ataiweka kwenye basi la Njombe. Namba ya faksi ya kazini kwangu iko nyuma ya karatasi. Nakuomba umwandikie. Tafadhali usiseme kama nimekwambia.

Wako mtoto,
Clementina


Njombe
11 Januari 1999

Mtani,

Hii ni faksi. Niko ofisi ya dayosisi, karani anasema niandike kifupi kwa sababu simu inakatika, namwambia anyamaze, naandika kwa mtu wa Kanada.

Nimekuwa nikifikiri habari ya zile springi. Hakuna aliyeniambia kitu, nimefikiri mwenyewe tu.

Gelasius, miaka yote ile mimi sikuwahi kufunga bledi hata moja. Unakumbuka? Bledi ikiisha, mimi nilikuwa nashuka, natafuta kivuli, navuta sigara. Wewe unalala chali chini ya chuma, nati zinakudondokea usoni. Ukimaliza unapiga bodi mara mbili, mimi napanda, naendesha. Nikifika kambini nasifiwa kwa barabara iliyonyooka. Sikujua hata nati zilikuwa ngapi. Mpaka leo sijui.

Sasa wewe umeniuliza mimi jinsi ya kufunga bledi, na mimi nikakujibu kama mtu anayejua. Niliona aibu kusema sijui, maana ulikuwa umeniuliza kwa heshima, na heshima kutoka kwako nimeipata mara chache. Nilikuandikia mambo ya udongo. Theluji siijui. Nimemuuliza Padri aliyesoma Ulaya, akaniambia theluji inafunika vitu vikawa havionekani. Udongo haufanyi hivyo. Udongo unakuonyesha jiwe lako mapema.

Kwa hiyo fungua huo mnyororo. Hilo ni agizo la dereva kwa utingo wake, na kama hutaki kuwa utingo, basi ni ombi la mtu mzima kwa mwenzake. Funga bledi unavyoona wewe na huyo Mhindi wa Iringa. Na kiti usikae. Hujawahi kujua kuendesha, usianze kujifunzia ugenini. Yupo yule mama wa foklifti uliyeniandikia. Mkono wa kunyanyua anaujua, mwenyewe kasema.

Goti langu linasema huko kwenu kuna mvua nyeupe nyingine inakuja. Bega lako lipone haraka.

Tomasi


Rexdale
20 Januari 1999

Tomasi,

Naandika kwa mkono wa kushoto, siku ya tatu leo niko kwenye barua hii moja, kwa hiyo usicheke herufi.

Umenipa pole ya bega. Mimi sijakuandikia habari ya bega. Nilimtazama Clementina, akaangalia sahani yake. Nimekaa siku nzima nimenuna, chakula nilikula lakini kwa kununa. Halafu nikaisoma faksi tena, pale uliposema hujawahi kufunga bledi hata moja. Nikaisoma mpaka Clementina akaniuliza, "Baba, inasema nini?" Nikamwambia inasema kweli, mara ya kwanza tangu Njombe iwe na posta.

Nikampigia Anverali.

"Njoo na spana."

"Umekufa?"

"Bado. Njoo."

Akaja na Nargis na chai. Tulishuka chini kwenye maegesho. Mimi mkono mmoja umefungwa, kwa hiyo yeye alikuwa analala chali na mimi nimesimama nasema. Tomasi, sasa najua kwa nini ulikuwa unapenda kukaa kivulini. Ni kutamu kusimama juu ya mtu anayekaza nati. Tulifungua mnyororo, springi zikapumua zikatoa mlio. Viatu tukavirudisha. Hapo tuligombana tena, yeye anataka bledi iinuke unene wa vidole viwili, mimi kimoja. Nilimwambia upande mmoja wa uwanja ni lami na upande mmoja kokoto. Ikishuka sana itabeba kokoto zote mpaka barabarani, ikipanda sana itaacha theluji ambayo ikikanyagwa inakuwa kioo. Tulitia washa, vile vipete vya chuma, tukatoa, tukatia. Nargis akasema, "Wekeni kidole na nusu, chai inapoa." Ikawa kidole na nusu.

Halafu tukavuta pini, tukaigeuza bledi itazame kulia, theluji iende mbali na mlango wa kanisa. Nyuma ya kiti tukafunga gunia la chumvi ili mkia usirushwe. Nikaipiga bledi teke. Ikainama, ikarudi. Nikaipiga tena. Anverali ananiangalia tu.

"Umeelewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Na hapo, Tomasi, nikakumbuka kwa nini bledi yako haikuhitaji springi. Unakumbuka mimi nilikuwa natembea mbele ya greda, natoa mawe, nachomoa visiki, nakupungia bendera? Wewe ulikuwa unakuta njia imeshaangaliwa. Springi nilikuwa mimi.

Alhamisi ikaja theluji ambayo hata wenyeji wanasema hawajaiona tangu wawe watoto. Mji umezama. Wameita wanajeshi, naapa, wanajeshi na magari yao, waje kusaidia kuchimba mitaa. Kwetu hawakufika. Jumapili kulipokucha nilikuwa nimeshika ufunguo wa pikipiki mkononi, na sitakudanganya, mkono wenyewe ulikuwa hautaki kufunguka. Généreuse alikuwa amesimama na suti yake ya kazini, ile ya mistari inayong'aa. Hakuniomba. Alisema tu, "Muzee, leo tunaanzia wapi?"

Nikampa. Nikamwambia, kaa, mama. Lakini usiende mbele yangu hata hatua.

Nilitembea mbele na mti wa ufagio, nachoma theluji, nachoma, nikisikia saruji nainua ufagio juu naye ananyanyua bledi kabla sijashusha. Mara moja tulikosea. Bledi ikagonga mfuniko wa bomba, ikainama, ikapita juu, ikarudi. Yeye kwenye kiti hata hakutikisika. Akapaza sauti, "Muzee, ingekuwa ile yako ya mnyororo ningekuwa tayari Bujumbura!" Nikamwambia aangalie mbele. Alitaka kulundika karibu, nikamkatalia. Nikamwambia sukuma mpaka mwisho kabisa wa uwanja, theluji ya kesho nayo itataka mahali pa kukaa. Anaendesha vizuri. Bledi anaishusha kama mtu anayelaza mtoto. Wewe hukuwahi kushusha hivyo, ulikuwa unabamiza.

Saa tatu ilikuwa haijafika uwanja ukawa mweusi, lami tupu, nimetia chumvi mlangoni mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Bibi wa ufunguo alikuja kwa miguu kwa sababu mtaa wake umefungwa. Alisimama kwenye lango. Akaipiga lami kwa fimbo yake, ikalia. Akapiga mbele kidogo, ikalia. Alikuja hivyo mpaka mlangoni, hakushikwa mkono na mtu. Akautoa ufunguo kwenye pete yake ya funguo, ukamsumbua kwa sababu ya baridi, tukangoja, ukatoka, akampa mchungaji. Akasema ni wa msimu huu na msimu ujao. Généreuse akazima pikipiki, akavua kofia, akaanza kulia, halafu akakumbuka nyumba ya yule bibi, akaiwasha tena akaenda kumwondolea theluji langoni kwake.

Ibada ilikuwa asubuhi, Tomasi. Kwenye viti. Hakuna aliyepita na soksi.

Mchungaji aliniita nisimame, akasema tumshukuru Mungu kwa dereva wetu Gelasius. Nikasimama. Nikawaambia dereva ni huyu mama, mpigieni makofi yeye. Mimi ndiye niliyefunga bledi. Na Makambako mpaka Songea pia nilikuwa mfunga bledi, utingo mkuu, na tulikuwa na mtu juu jina lake Tomasi, kazi yake ilikuwa kukaa tu, kama mzigo. Wakacheka, wakapiga makofi kuliko yale ya chumba cha kufulia. Clementina alikuwa anapiga kuliko wote. Baadaye wazee wawili wa Kizungu walikuja kuitazama bledi, nikawaonyesha washa na springi kwa kidole. Wamenielewa kabisa, mmoja amesema kwake naye ana moja imelala kwenye sanduku. Ijumaa ninakwenda na Anverali.

Yote niliyoandika ni kweli na mashahidi ninao. Anverali yupo, ijapokuwa atakwambia wazo la kidole kimoja na nusu lilikuwa lake. Nargis yupo, naye anajua lilikuwa la nani. Généreuse yupo, mtafute mchana, usiku ana zamu. Bibi wa ufunguo hajui Kiswahili lakini ana fimbo, muulize atakuonyesha alipopiga. Hao ni wa theluji. Kwa habari za barabara ya vumbi, nani alilala chini ya bledi na nani alikuwa kivulini, mabwana barabara wamekufa, greda zimekatwa, shahidi umebaki wewe peke yako. Kwa hiyo shuka kwenye hilo paa.

Gelasius